Nani Alivuta Mashua? Neno juu ya Filme, Kitabu na Mdomo wa Bankambo

Kati ya watu wa masomo katika miji yetu kumeingia desturi moja ambayo sisi hatuikubali. Mtu anaangalia filme, kesho yake anasema: "Ile kitabu, mi najua yote." Ukimwuliza kama amekisoma, anacheka: "Filme inatosha. Bitabu ni ya nini tena?" Tunataka kujibu neno hilo, na tutalijibu kwa mfano mmoja, juu mfano huo unatugusa sisi watu wa Katanga na wa Tanganyika kuliko wengine wote.

Mfano ni The African Queen. Mwingereza C. S. Forester alitoa riwaya hiyo mwaka 1935. Mwaka 1951 John Huston aliigeuza filme, na wachezaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu ya picha zake ilipigwa hapa kwetu, kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo; sehemu ingine ilipigwa Uganda. Hadithi inajulikana: wakati wa vita ya kwanza ya dunia, dada wa mmisionari na fundi mmoja wanashuka mto ndani ya mashua kuukuu, wakitaka kuzamisha meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Ni filme nzuri. Hatukatai. Tumeiangalia na tumecheka kama wengine.

Lakini tazameni mwisho wake. Katika filme, ile mashua imepinduka majini, meli ya Wajerumani inaigonga, mabomu yaliyofungwa mbele yake yanapasuka, meli inazama. Mwanamume na mwanamke wanaogelea wakifurahi. Sasa funguweni kitabu. Ndani ya kitabu mashua inazama bure, usiku, katika dhoruba, na haiguse meli yoyote. Meli ya Wajerumani inazamishwa na mashua mbili za vita za Waingereza zinazotokea upande wa Wabelgiji, maana yake upande wetu. Mashua hizo mbili, filme imezifuta kabisa. Basi yule anayesema "najua yote" hajui hata nani alishinda.

Na kwa nini mashua mbili ziko ndani ya kitabu? Hapa ndipo neno linatuhusu. Mwaka 1915 Waingereza walileta kweli mashua mbili kwenye ziwa Tanganyika, Mimi na Toutou, chini ya komanda Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka London kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikapita Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, zikafika Fungurume. Reli ikaishia pale. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba. Mashua zenye urefu wa metre 12 hivi zilipaswa kupanda mlima kama mbuzi.

Zilivutwa na mashini za mvuke, na ng'ombe, na watu. Mamia ya watu weusi walikata miti, walipasua njia, walijenga madaraja, walishika kamba pale mashini iliposhindwa. Maji yalipokosa kwa ajili ya mashini, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa kichwa kutoka mbali. Mashua zilishuka mpaka Bukama, zikafuata Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena mpaka ziwani, kwenye Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakazamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa, Graf von Götzen, ambayo wengi wanaona kwamba ndiyo iliyompa Forester wazo la meli yake, haikuzamishwa na Mwingereza hata mmoja: Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 walipokuwa wanakimbia Kigoma. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa hesabuni pamoja nasi, wandugu. Filme imefuta mashua mbili. Kitabu kimezihifadhi mashua, lakini wale waliozivuta hakikuwafanya kuwa watu wa hadithi yake. Nyuma ya kitabu kuna watu wa Fungurume mpaka Bukama, bankambo zetu, wenye kamba mabegani. Kila mara hadithi ilipobadilisha nguo, watu walipunguka, na wa kwanza kupunguka walikuwa wetu. Asante ya punda ni mateke, wazee walisema.

Na wenzetu wazungu hawakuchoka. Peter Viertel, aliyeshiriki kuandika maneno ya filme ile, alitoa mwaka 1953 riwaya juu ya mkubwa wa sinema anayekuja Afrika kupiga filme na kufikiri tembo tu: White Hunter, Black Heart. Mwaka 1990 Clint Eastwood akaigeuza filme nayo. Maana yake: walitengeneza filme, wakaandika kitabu juu ya kutengeneza filme, kitabu kikawa filme tena. Mbele ya hayo yote, kuvuta mashua juu ya Mitumba hakukupata hata dakika tano.

Kuna wenzetu wanaokasirika na kusema: tuzikataze filme za namna hii, zinatutukana. Sisi hatusemi hivyo. Kukataza ni kazi ya mvivu. Filme iliyokatazwa inaangaliwa usiku, na kitabu hakisomwi mchana wala usiku. Tena Forester hakutuibia kitu tulichokuwa tumekiandika. Alikuta kiti kitupu, akakaa.

Wengine wanasema: "Sisi ni batu ya mdomo. Roman ni kitu ya bazungu." Hilo ndilo neno linalotuudhi zaidi, juu linasemwa na watu wenye diplome ambao walikula masomo kwa vitabu. Tunawajibu kwa mfano wa Waafrika wenzetu. Huko Niger, watu walisimulia kwa mdomo habari za malkia Sarraounia, aliyepigana na jeshi la Wafaransa mwaka 1899. Abdoulaye Mamani alizichukua habari hizo, akaandika riwaya yake Sarraounia, iliyotoka mwaka 1980. Med Hondo akachukua riwaya, akatoa filme mwaka 1986, na mwaka 1987 filme hiyo ikapata zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou. Mdomo, kitabu, filme: ngazi tatu, na katika kila ngazi malkia alibaki malkia.

Na Ousmane Sembène wa Senegal? Alikuwa mwandishi kwanza. Aliona kwamba watu wake wengi hawawezi kusoma vitabu vyake, akaenda Moscow kujifunza sinema. Riwaya yake fupi Le Mandat akaigeuza filme Mandabi mwaka 1968, na watu ndani yake wanasema kiwolof. Hakusema "filme inatosha." Aliendelea kuandika: Xala ilikuwa kitabu mwaka 1973, filme mwaka 1975. Mkono mmoja kalamu, mkono wa pili kamera.

Kwa hiyo tunasema waziwazi tunachodai. Kwanza, kila mwalimu anayeonyesha filme kwa wanafunzi awaambie iko na kitabu nyuma yake, na kama kitabu kipo mahali fulani mjini, awatume kukitafuta. Pili, vijana wetu wenye masomo waende Fungurume, Bukama, Kabalo na Kalemie, waulize familia: nkambo wenu alisema nini juu ya mashua zilizopanda mlima? Walioshika kamba hawako tena, na wajukuu wao nao wanazeeka. Kila matanga tunazika ukurasa. Tatu, kitakachopatikana kiandikwe, na kiandikwe kwa Kiswahili chetu, ili mama wa Fungurume akisikia kinasomwa asihitaji mkalimani. Nne, siku ile tu mtu wa kamera atakuwa na kitu cha kushika. Bila kitabu atapiga nini? Atapiga milima mitupu.

Leo jina la Fungurume linajulikana duniani pote juu ya shaba na kobalti. Magari yanapita usiku na mchana kubeba udongo wake. Wageni wanajua bei ya kile kilicho chini ya ardhi ile, na sisi wenyewe hatujui majina ya wale waliotembea juu yake na kamba mabegani. Aibu hiyo si ya Huston, si ya Forester. Ni yetu, na kalamu ziko kwetu.