Pikipiki ya bro na mafundi wa kubahatisha

Haya wadau, nimerudi chuo jana usiku, vumbi la Same bado liko masikioni. Likizo yote imeishia kwenye pikipiki ya bro. Kila tukishuka kutoka Mwembe inagonga kwa mbele: ko, ko, ko. Kwenye lami, kimya. Na bro ndo anakula kwa hiyo bodaboda, hata nauli yangu imetoka humo humo.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Shokapu hizo dogo, lete hela." Tukabadilisha sili na oili. Ko, ko. Wa pili akasema beringi za tairi. Tukanunua. Ko, ko.

Mi nasema wazi, huo si ufundi, ni kamari kwa hela ya mtu. Kupima ni bure jamani! Mzee mmoja aliweka tofali chini ya injini, tairi la mbele likaning'inia, akashika shokapu kwa chini, akavuta na kusukuma. Ko! Kumbe nati ya usukani imelegea, golori zinagonga kwenye vikombe vyake. Sasa fikiria ukamate breki ya mbele kwenye kona za mteremko ule...

Akakaza kidogo kidogo huku akigeuza usukani kulia na kushoto, maana ukizidisha unakuwa mzito na pikipiki inayumba. Dakika 20 tu. Vikombe vimeshaanza kuchimbika, kwa hiyo vitabadilishwa bro akipata hela.

Na ile ya sili na beringi, nani anarudisha?