Usinifundishe Kupumua, Punguza Tageti

Wasee, nina swali kwa mabosi wa Nairobi wenye hutuitia mtaalamu wa saikolojia mara moja kwa mwaka, tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mnataka kujua kitu tunaugua, ama mnataka tu picha za kuposti LinkedIn?

Kwa wale hawajawahi kukaa kwa hizo semina, zinaendanga hivi. Mnapewa chai, samosa na chupa ya maji yenye logo ya kampuni. Mtaalamu anawaambia mfunge macho, mvute pumzi mkihesabu hadi nne, muiachilie polepole. Mnafundishwa kitu inaitwa ustahimilivu. Saa tano mnarudi kwa meza, na tageti ya siku haijashuka hata simu moja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa (hiyo ni stori ya siku ingine), nikaingia kampuni moja ya kupokea simu za wateja. Huko kuenda choo kulikuwa kunapimwa kwa dakika. Ukizidisha, jina lako linageuka nyekundu kwa skrini ya supavaiza. Na siku ya semina, zile dakika tulipumua tulizirudisha kwa kukatiwa lanchi. Naapa.

Sisemi saikolojia ni upuzi. Kinachoniudhi ni kwamba saikolojia yenyewe iko upande wetu na wanajifanya hawaioni. Christina Maslach, profesa wa Berkeley, amechunguza uchovu wa kazini tangu miaka ya sabini, na kipimo alichochapisha na Susan Jackson mwaka 1981 bado kinatumika. Ukisoma yeye na wenzake, vyanzo ni kazi nyingi kupita kiasi, kukosa usemi juu ya kazi yako, malipo na shukrani zisizolingana na jasho, na uonevu. Hakuna mahali wamesema shida ni vile unapumua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza huo uchovu kama matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haujashughulikiwa vizuri, na likasema wazi ni jambo la kazini, si ugonjwa. Bosi anasoma neno "msongo" na kuruka neno "kazini".

Halafu kuna utafiti wa William Fleming wa Oxford, ulitoka 2024. Aliangalia wafanyakazi zaidi ya 46,000 Uingereza. Wale walikuwa wamepewa programu za simu za kutuliza akili, mafunzo ya ustahimilivu na hizo semina zingine hawakuwa na afadhali kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Kilichoonyesha afadhali kidogo ni kujitolea kusaidia jamii. Utaniambia hiyo ni Uingereza, na kwamba alilinganisha watu kwa wakati mmoja, hakuwafuata miaka. Sawa, hiyo ni haki yako. Basi tuje hapa nyumbani.

Unajua wale vijana wa kuchuja video za Facebook, wale wanaangalia mauaji na watoto wakidhulumiwa ndio wewe uskroli ukicheka? Kazi ilifanyiwa hapa Nairobi, Sama ikiwa na kandarasi ya Meta. Februari 2022 jarida la TIME likaanika hiyo kazi, likisema kuna waliolipwa dola moja na nusu hivi kwa saa. Mei mwaka huohuo Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hapo, akaenda kortini. Na angalia hii: kampuni ilijitetea kwamba washauri wa kisaikolojia walikuwepo. Wafanyakazi wakasema msaada haukutosha. Desemba 2024 ripoti ya Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta ikafika mahakamani: zaidi ya watu 140 aliowapima walikuwa na ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe. Zaidi ya 140, manze. Mshauri atakusaidia aje kama ukitoka kwake unarudi kwa foleni ya video?

Marekani, mwaka 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wa huko. Wa kwetu ilibidi kwanza wapigane kuhusu kama Meta inaweza kushtakiwa Kenya hata kidogo, mpaka Mahakama ya Rufaa ikasema ndiyo Septemba 2024.

Mzee wangu husema kizazi chetu ni laini. Baba, kwa heshima yote, wewe ulifanya kazi kiwandani Industrial Area. Saa kumi na moja geti ilikuwa inafungwa na supavaiza hakuwa na namba yako. Mimi wangu alikuwa kwa grupu ya WhatsApp saa tano usiku akiuliza nani amefikisha tageti, na ukinyamaza anaona umesoma. Seneta Samson Cherarkey alileta mswada mwaka 2022 wa kukupa haki ya kutopokea simu za bosi baada ya saa za kazi. Nani aliupinga? Chama cha waajiri, FKE. Siku ya semina waajiri wanasema akili yako ni muhimu, lakini ikifika Bunge ati hiyo itaharibu biashara. Chagueni moja.

Sheria ya Ajira ya 2007 tayari inakupa angalau siku moja ya kupumzika kwa kila saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila baada ya miezi 12. Mimi nimeona watu wakiogopa kuomba hizo 21 zao. Kwa hivyo kabla hujaleta mtu wa kutufundisha kupumua, toa hizo siku bila kununa. Shusha tageti. Ondoa saa ya choo. Nyamazisha hiyo grupu saa kumi na mbili jioni.

Na wewe mse uko kazini: Mei mosi 2023, wachujaji zaidi ya 150 walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Katiba, kifungu cha 41, inakupa haki hiyohiyo. Semina ijayo, saa ya maswali, uliza kama mtapewa ukumbi na samosa mkitaka kukutana ya kwenu.