Makandarasi Bandarini Wafuate Sheria ya Mwenyeji

Ujenzi unaendelea katika bandari na vivuko vingi vya nchi yetu. Magati yanatengenezwa, majengo ya abiria yanapanuliwa, kina cha maji kinachimbwa, na nguzo mpya zinazamishwa mahali palipokuwa na mbao zilizooza. Hizo ni habari njema, na hasa kwa ndugu zetu wa Visiwani, ambao kwao gati si pambo bali ni mlango wa nyumba. Mgonjwa hupitia hapo, mchele hupitia hapo, mwanafunzi hupitia hapo, na maiti nayo hupitia hapo ikirudishwa kwao kuzikwa.

Lakini mlango unaotengenezwa huku watu wakipita una hatari kuliko nyumba nzima inayojengwa katika kiwanja kitupu. Kivuko hakiwezi kufungwa miezi sita ili fundi afanye kazi kwa nafasi. Saa ile ile ambayo kreni inanyanyua nondo, mama aliyebeba mtoto mgongoni anashuka ngazi ya boti. Kwa hiyo leo tunapenda kuuliza swali moja tu: mahali hapo, kwa saa hiyo, ni nani mwenye amri?

Jibu letu ni kwamba mwenye amri lazima awe mmoja, naye lazima awe mwenyeji, yaani mwenye bandari, wala si mgeni aliyekuja kujenga. Tena amri hiyo iandikwe katika mkataba kabla ya jembe la kwanza kupigwa, isiwe jambo la kukumbukwa baada ya mtu kuumia.

Msomaji wetu wa Unguja, Pemba, Mafia au Ukerewe asishangae tukianza hoja yetu huko bara, katika Wilaya ya Kilosa, mahali pasipo na pwani wala meli. Huko kuna mafunzo mawili ambayo bandari zetu zingefaa kuyaazima.

Funzo la kwanza ni la reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, inapita Kilosa. Watu wa Kilosa wanayajua matengenezo ya reli kama mkulima anavyoyajua magugu, kwa sababu mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 yaliiharibu njia hiyo vibaya, na si mara moja tu maji yamefanya hivyo. Miaka ya karibuni wameona pia mkandarasi kutoka Uturuki akitoboa milima yao kupitisha reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kufika Dodoma mwaka 2024, na wakati wote huo reli ya zamani haikuachwa.

Sasa tazama kanuni ya kale ya reli, ambayo ni moja popote duniani penye treni. Genge la reli haling'oi msumari hata mmoja kabla ya kujua treni iko wapi. Kwanza kibali, kisha bendera nyekundu mbele na nyuma ya mahali pa kazi, kwa umbali wa kutosha treni kusimama, ndipo nyundo ishikwe. Kanuni hiyo haiulizi kama fundi ni mwajiriwa wa shirika la reli au kibarua wa mkandarasi aliyeajiriwa jana. Njia ina mwenyewe, na ruhusa ya kuigusa njia hutoka kwake.

Funzo la pili ni la Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inaikata hifadhi hiyo kwa kilomita 50 hivi. Mle ndani dereva hana uhuru alionao kwingine. Mwendo una kikomo, nao usiku hupunguzwa zaidi; yapo matuta; na vipo vibao vinavyomwonya mapema kwamba akimgonga mnyama atalipa, kila mnyama na bei yake. Lori la saruji la mkandarasi halina msamaha kwa sababu linakwenda kujenga taifa. Tunauliza bila ya kufanya mzaha: ikiwa twiga wa Mikumi ana sheria inayomkinga na lori la mkandarasi, na iwe abiria wa gatini hana?

Kutoka Mikumi iko barabara nyingine inayoelekea kusini, hupita Kidatu na Ifakara hadi Mto Kilombero. Kwa miaka mingi mto huo ulivukwa kwa kivuko. Daraja lilipokuwa likijengwa hapo, kivuko kiliendelea kuvusha watu na magari, na mwezi Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni. Hatusemi hata kidogo kwamba ajali ile ilitokana na ujenzi. Tunachosema ni kwamba ilitukumbusha kuwa mahali pa kuvukia hapaachi kuwa pa hatari kwa sababu dawa yake inajengwa jirani. Daraja lilifunguliwa mwaka 2018. Mpaka siku ile ya kufunguliwa, roho za watu zilikuwa juu ya kivuko.

Hali hiyo tumeiona tena katika Ziwa Victoria. Kuanzia mwaka 2020 makandarasi walijenga daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, ambalo lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kwa miaka hiyo yote vivuko viliendelea kupita kando ya nguzo na mitambo. Kujenga pembeni ya chombo chenye abiria, kwa hiyo, si jambo la nadra nchini mwetu. Ndiyo desturi yetu, kwa kuwa hatuna njia nyingine. Na jambo la desturi hustahili kanuni ya kudumu.

Hapana haja ya kuwaeleza watu wa Visiwani uchungu wa maji. Waliondokewa na ndugu wengi katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, katika MV Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, katika MV Skagit tarehe 18 Julai 2012, na katika MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila msiba ulifuatwa na maswali juu ya chombo: kilibeba wangapi, kilikaguliwa na nani, nahodha alikuwa wapi, jaketi okozi zilikuwa ngapi. Maswali hayo yalikuwa ya haki, nayo yamezaa kanuni. Lakini macho yetu yote yaliposhuka majini, gati lenyewe lilisahauliwa. Gati ni mahali pa kazi, na lenyewe lina hatari zake.

Si kwamba nchi haina sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Zanzibar ina sheria yake, Namba 8 ya mwaka 2005. Makandarasi wanasajiliwa na bodi zao, na vyombo vya majini vina mamlaka zake kila upande. Tatizo letu ni kwamba kila sheria inalitazama pande lake. Mkaguzi wa kazi anamtazama mfanyakazi. Mkaguzi wa vyombo anaitazama boti. Msimamizi wa ujenzi anautazama mkataba. Abiria anayepita katikati ya hao watatu hana wa kumtazama.

Aidha, kuhusu ulinzi, dunia ilikubaliana mwezi Desemba 2002 juu ya kanuni za usalama wa meli na bandari, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Ndizo zilizoleta uzio, vitambulisho na ulinzi wa milango katika bandari kubwa. Lakini kanuni hizo zinahusu bandari zinazopokea meli za safari za kimataifa. Gati dogo la kivuko cha ndani halimo, ingawa ndilo lenye abiria maskini na wengi. Na hata penye uzio, mkandarasi huhitaji tundu la kupitishia malori. Tundu hilo likikosa mlinzi na daftari, uzio wote umekuwa bure. Mtu yeyote mwenye kofia ya plastiki kichwani ataingia akidhaniwa fundi.

Wapo watakaotujibu kwa msemo wetu wa siku zote, kwamba ajali haina kinga. Tunauheshimu msemo huo katika matanga, pale mfiwa anapohitaji faraja. Katika ofisi ya mkandarasi hauna nafasi. Mtungi wa gesi ulioachwa juani karibu na mahali pa kuchomelea una kinga, nayo ni kuuondoa. Shimo lisilo na ua lina kinga. Mzigo unaopita juu ya vichwa vya watu una kinga, nayo ni kungoja dakika kumi watu wapite. Msemo uliotungwa kumfariji mfiwa usigeuzwe kuwa ngao ya mzembe.

Wengine watasema kwamba usalama unaongeza gharama. Ni kweli, na ndiyo sababu tunataka gharama hiyo iwe wazi tangu mwanzo. Ikiwa zabuni hushindwa na mwenye bei ndogo, na usalama haukutengewa fungu lake, basi mkandarasi mwaminifu aliyehesabu kofia, viatu, uzio na walinzi atashindwa na yule ambaye hakuhesabu chochote. Hapo Serikali yenyewe, bila ya kukusudia, itakuwa imemlipa mtu kwa uzembe wake.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu kwa wanaohusika.

Kwanza, kila mkataba wa kazi katika bandari ya abiria au kivuko uwe na kanuni za usalama zilizoandikwa kabla ya zabuni kutangazwa, zikiwa na fungu lake la fedha ambalo haliruhusiwi kupunguzwa. Kanuni hizo zimfunge mkandarasi mkuu pamoja na wote wanaofanya kazi chini yake, hata yule aliyekuja kwa siku moja kupaka rangi.

Pili, bandari iteue ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha kazi kila asubuhi na ya kuisimamisha kazi saa yoyote bila ya kungoja barua kutoka makao makuu. Ofisa huyo awe na ratiba ya vyombo mkononi. Chombo kinapofunga gati na abiria wanapopanda au kushuka, kreni isimame. Hiyo ndiyo bendera nyekundu ya Kilosa ikiletwa baharini.

Tatu, mzamiaji akiwa chini ya maji, chombo chochote kisiwashe mashine karibu naye. Mabaharia wanayo bendera ya kazi hiyo, nyeupe upande wa mlingoti na buluu upande wa pili, yenye maana kwamba yuko mzamiaji chini, kaa mbali uende polepole. Itundikwe, na manahodha wa mashua ndogo nao wafundishwe maana yake.

Nne, kila kibarua aandikwe jina lake, apewe vifaa vya kujikinga bila ya kukatwa mshahara, na aelezwe kanuni kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Haifai mkandarasi wa kigeni atundike kanuni kwa lugha yake, kisha aseme kibarua wa Nyamisati au Mkoani alizivunja. Kanuni isiyosomeka kwa anayepaswa kuitii ni mapambo ya ukuta.

Tano, abiria wapewe njia yao, yenye ua na taa, isiyokutana na njia ya malori. Na usiku, kazi ikishalala, mashimo yasilale wazi.

Mwisho, tunaziomba mamlaka za bandari za pande zote mbili za Muungano zikae pamoja na ziwe na kanuni moja ya makandarasi wa bandari za abiria. Boti inaondoka Dar es Salaam chini ya sheria moja na kufika Malindi chini ya nyingine. Abiria ni yule yule, na mara nyingi hata mkandarasi huwa na kazi pande zote mbili. Hakuna sababu ya uhai wa mtu kuwa na kipimo kimoja upande huu na kipimo kingine ng'ambo.

Nasi wananchi tunao wajibu wetu. Tumezoea kuruka ua ili kuwahi chombo, kupita chini ya mzigo uliotundikwa, na kumkasirikia mlinzi anayetuzuia. Kanuni ya Mikumi inafanya kazi kwa sababu mwenye gari dogo na mwenye lori wote hupunguza mwendo. Abiria anayetaka mkandarasi afuate sheria ya mwenyeji hana budi kuifuata yeye kwanza.

Tunawahitaji makandarasi, na kazi yao tunaiheshimu. Lakini mgeni mwema hubisha hodi, akasubiri kukaribishwa, na akaonyeshwa pa kupita. Katika bandari zetu, hodi hiyo ibishwe kabla ya kazi kuanza, na mwenyeji awepo wa kuiitikia.