Namba ya Kadi Ikiibwa, Mteja Asigeuzwe Mtuhumiwa

SAFU YA KILA WIKI
Na Salome Mwinuka

Mteja akifika benki kulalamika kwamba fedha zimetolewa kwa kadi yake, swali la kwanza huwa: ulimpa nani namba ya siri? Anakuwa mtuhumiwa hata kabla hajakaa. Nalipinga swali hilo, kwa sababu namba ya kadi huibwa bila mwenyewe kukosea lolote.

Machi 2010, mahakama ya Boston, Marekani, ilimfunga Albert Gonzalez miaka 20. Kundi lake lilipaki magari nje ya maduka ya Miami, likanasa mawasiliano ya intaneti isiyo na waya na kuchota namba za kadi kwa mamilioni. Wakati huohuo alikuwa mtoa habari wa idara ya serikali inayosaka wezi wa kadi! Waliolipia nguo kwenye maduka hayo wangejilindaje? Na mtandaoni namba ya siri mara nyingi haiulizwi kabisa. Zinatosha tarakimu za mbele, tarehe ya kwisha muda na zile tatu za nyuma.

Tangu miaka ya 1970, sheria ya Marekani inamkinga mwenye kadi ya mkopo: mwizi akiitumia, habebeshwi zaidi ya dola 50. Hasara iliyobaki ni ya benki na wafanyabiashara, ndiyo maana wana sababu ya kugharimia mitambo ya kugundua miamala ya ajabu.

Huku kwetu wengi tuna kadi zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti. Kinachoondoka si mkopo wa benki, ni ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Zote zinamwandama mhalifu, nazo tunazihitaji. Lakini mwizi aliyeko bara jingine akingojwa akamatwe, mama lishe atarudi sokoni na mtaji gani? Nataka kila fomu ya kufungulia akaunti itaje, kwa Kiswahili, mwisho wa hasara atakayobeba mteja na siku ambazo benki italazimika kumrudishia fedha zake.

Nawe msomaji, ukiona umekatwa hata shilingi 1,000 usizozitambua, usizidharau. Wezi huijaribu kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kukomba akaunti. Piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, siyo iliyokuja kwenye ujumbe, kadi ifungwe saa hiyohiyo. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi, wala usitoke tawini bila nakala yenye mhuri.