Kabla Hujafika Stesheni: Mawaidha kwa Wasafiri wa Gari la Moshi



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka liwapate, nalo ni kuijua stesheni. Sisi watu wa Magole twakaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, wala reli haipiti mlangoni kwetu. Atakaye gari la moshi hapana budi aende Kilosa kwa njia ya Dumila na Rudewa, au ateremkie Morogoro. Hata hivyo reli si ngeni katika wilaya yetu. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905; ilifika Kilosa mwaka 1909, na mwaka 1914 ilikuwa imekwisha fika Kigoma. Kwa hivyo babu zetu waliijua filimbi ya gari la moshi kabla hawajaijua honi ya basi.

Lakini reli ya leo si ile ya babu zetu. Reli mpya ya umeme, ambayo watu huiita SGR, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikaanza safari mpaka Dodoma, ikipita Kilosa na mahandaki yaliyochimbwa katika milima yetu. Mwendo wake waweza kufika kilomita 160 kwa saa. Gari hili halina moshi, na halina subira. Milango yake hujifunga yenyewe, wala hakuna utingo wa kupigiwa kelele kwamba mama bado anakuja. Mtu aliyezoea basi la njiani, la kusimamishwa kwa mkono, akiichukua desturi hiyo stesheni atalitazama gari likienda zake.

Neno letu basi ni hili: apoteaye stesheni, aghalabu alikwisha potea nyumbani kabla ya kuondoka. Na hayo ya nyumbani ndiyo tutakayoyaeleza.

Kwanza, ijue stesheni uiendayo. Mgeni husema mjini Dar es Salaam, "Nipeleke stesheni," akadhani iko moja. Ziko zaidi ya moja. Iko stesheni ya zamani ya Reli ya Kati, katikati ya mji. Karibu nayo iko stesheni mpya ya SGR, iliyopewa jina la hayati Rais Magufuli, jengo kubwa la vioo lililochongwa mfano wa kito cha tanzanaiti. Tena iko stesheni ya TAZARA, mbali na hizo, kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee waliijua kwa jina la Pugu Road. Hiyo ni ya reli iliyojengwa mwaka 1970 mpaka 1975, iendayo Mbeya na kuvuka mpaka hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Wala msidhani kwamba gari la huku laweza kuhamia kule. Upana wa Reli ya Kati ni milimita 1,000, wa TAZARA 1,067, na wa SGR 1,435. Kila gari lina njia yake na mlango wake. Basi taja jina la reli, usitaje neno "stesheni" peke yake.

Vile vile hakikisha kwamba gari ulilokatia tiketi husimama kituoni kwako. Yako magari ya haraka yasiyosimama kila kituo, na mtu wa Kilosa aweza kukiona kituo chake dirishani kikimpita.

Pili, isome saa ya tiketi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na miadi ya daktari Dar es Salaam, aliyoingojea kwa miezi mitatu. Tiketi yake iliandikwa 08:00. Yeye alisoma "saa nane", akaoga, akala chakula cha mchana, akafika stesheni akiwa na furaha. Gari lilikuwa limekwisha ondoka tangu saa mbili asubuhi. Nauli ilipotea, na miadi ikapotea, akarudi kuanza kungojea upya huku ugonjwa wake haungoji. Mzee huyu anajua kusoma vizuri sana. Jambo lililomponza ni kwamba hakuna mtu nyumbani aliyekaa naye usiku wa kuamkia safari akaisoma tiketi pamoja naye.

Kanuni yake ni nyepesi, na mtoto wa chuoni aweza kuihifadhi. Saa za tiketi huhesabiwa tangu usiku wa manane, nasi huhesabu tangu asubuhi. Ikiwa namba imezidi sita, toa sita: 08:00 ni saa mbili asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Ukitoa sita ikabaki zaidi ya kumi na mbili, toa tena kumi na mbili: 20:00 hubaki kumi na nne, kisha mbili, nayo ni saa mbili usiku. Na ikiwa namba ni sita au chini yake, ongeza sita: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, na 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.

Tena liko la siku, na hili latuhusu sisi Waislamu zaidi. Kwa hesabu yetu siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Tiketi haifuati hesabu hiyo. Tiketi ikisema Ijumaa 20:00, maana yake ni usiku baada ya mchana wa Ijumaa, ule tunaouita wa kuamkia Jumamosi. Na ikisema Ijumaa 00:30, yakupasa uwepo stesheni Alkhamisi usiku, kwa kuwa siku yao hugeuka saa sita ya usiku. Mwenye kuchanganya hesabu mbili hizi atatangulia siku nzima na kulala na watoto juu ya mizigo, au atachelewa siku nzima.

Tatu, jina. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, na jina lililo juu yake liwe lile la kitambulisho. Wako akina mama mtaani ambao hatuwajui ila kwa jina la Mama Fulani, na vijana wajulikanao kwa majina ya kiwanjani. Anayewakatia tiketi kwa simu asiandike jina la mazoea. Na tiketi iliyo ndani ya simu iandikwe au ichapwe pia katika karatasi, maana simu huzimika wakati inapohitajiwa. Wala usinunue tiketi kwa mtu akufuataye nje ya mlango, ajapokuwa na maneno matamu. Aliyekuuzia hutamwona tena, na mkaguzi atakusimamisha wewe.

Nne, muwe na kiongozi. Tumefundishwa kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao amiri. Stesheni kubwa ndipo mahali pa kuiona hekima yake. Amiri ndiye ashikaye tiketi zote, ahesabu watu na mizigo kila wanapohama, na akiondoka amwachie mwingine kazi hiyo. Kila mtoto atiwe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi wake, naye aambiwe kwamba akipotea asimame pale pale wala asitafute, amwendee mfanyakazi mwenye sare. Wakati wa sala mmoja abaki na mizigo, wengine wasali, kisha wabadilishane. Na kwa kuwa msafiri ana ruhusa ya kufupisha, hana haja ya kushindana na gari.

Tano, ndani ya stesheni. Mizigo hupitishwa katika mashine ya ukaguzi, na safu zaweza kuwa ndefu, basi fikeni mapema. Wakati wa masika tokeni mapema zaidi, hata siku moja kabla. Hatujasahau Januari 2014, mafuriko yalipoikata barabara kuu hapa kwetu, Dumila na Magole, wasafiri wakakwama pande zote mbili. Katika ngazi za umeme, akina mama wakusanye pindo la buibui, na wenye kanzu vile vile, maana ngazi hiyo huuma nguo. Mzee asiyeiweza aulize ilipo lifti. Mkifika Dar es Salaam, ngojeni mwenyeji wenu ndani penye taa, na bei ya bajaji au teksi ipatanwe kabla ya mzigo kuingia.

Enyi vijana, haya yote ninyi mwayajua, na pengine mwayaona madogo. Lakini mzazi wako huona haya kukuuliza wewe uliyemlea, na haya hiyo ndiyo inayompotezea gari. Usimngoje aulize. Usiku wa kuamkia safari kaa karibu naye, mshike tiketi pamoja, msome jina, siku, saa, behewa na kiti kwa sauti, kisha mwombe akusomee yeye. Kazi hiyo haifiki robo saa, na miadi ya daktari huchukua miezi.

Wassalaam.