Ukurasa Usifunguliwe Kabla ya Kuhesabiwa

Katika mashamba ya mpunga ya Mvumi, wilayani Kilosa, maji hayaachwi yakimbie tu kutoka mferejini hadi kwenye mche. Huingizwa kwanza katika jaruba, huzuiwa kwa tuta la udongo mpaka yafikie kina kinachotakiwa, ndipo mkulima hulikata tuta kwa jembe na kuyapitisha jaruba la pili. Akikata mapema, jaruba la chini hupata matope na maji haba. Akichelewa, tuta hupasuka lenyewe. Mtoto aliyekulia huko amelishuhudia jambo hili kabla hajaingia kidato cha kwanza. Hata hivyo mtoto huyo huyo, akifika katika somo la kompyuta na kutajiwa bafa, hudhani ameletewa elimu ngeni isiyokuwa na mfano nyumbani kwao.

Bafa, kwa maneno machache, ni jaruba la maandishi. Ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambamo maandishi yanayotolewa na programu hukusanywa kwa muda kabla ya kupelekwa yaendako. (Mwanafunzi wa kemia asichanganyikiwe: bafa ya maabara, ile inayozuia uchachu wa mchanganyiko usibadilike ghafla, ni nyingine, ingawa zote mbili zina tabia moja ya kupunguza kishindo.) Ukurasa wa intaneti unaotungwa papo hapo na seva, yaani kompyuta inayowahudumia wasomaji, hupitia katika majaruba ya namna hiyo, wala si moja: lipo la lugha ya programu, lipo la seva yenyewe, lipo la mfumo wa uendeshaji unaoyagawa maandishi katika pakiti za kusafirishwa. Programu ikisema "andika jina hili", jina haliendi moja kwa moja kwa msomaji. Aghalabu huingia katika jaruba la kwanza na kuwangoja wenzake.

Kungoja huko kuna sababu ya kihesabu. Pakiti ya kawaida ya intaneti hubeba kichwa cha baiti 40, chenye anwani na maelezo ya safari. Herufi moja ikisafirishwa peke yake, baiti 41 zitapita njiani kwa ajili ya baiti moja yenye maana. Mwaka 1984 mhandisi wa Marekani, John Nagle, aliandika juu ya uharibifu huu, na dawa aliyoipendekeza ilikuwa ni subira: vipande vidogo vidogo vikusanywe, viondoke pamoja. Juu ya hilo hapana ubishi. Ubishi uko juu ya swali jingine, ambalo vitabu vingi vya kujifunzia hulipita mbio: nani aamue wakati wa kulikata tuta, na aamue kwa kipimo gani?

Uzito wa swali hili hutokana na HTTP, kanuni ambayo kwayo seva na simu ya msomaji huzungumza. Kwa kanuni hiyo jibu la seva huanza na tamko la hali. Namba 200 maana yake ombi limefanikiwa. 404 maana yake ukurasa ulioombwa haukupatikana. 500 maana yake seva imepatwa na hitilafu. Tamko hutangulia, vichwa vya maelezo hufuata, kisha ndipo maandishi yenyewe. Tuta likishakatwa, tamko limekwenda. Programu ikianguka baadaye katikati ya kazi, haiwezi kumkimbilia msomaji na kubadilisha 200 kuwa 500. Imekwisha kuapa kwamba mambo ni mema kabla haijayaona.

Tuseme orodha ya wanafunzi 500 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza imewekwa katika ghala la data, na programu inalisoma ghala hilo jina baada ya jina, ikilifungulia kila jina papo hapo. Kufika jina la 312, mawasiliano kati ya programu na ghala yanakatika. Mzazi aliyeko Mvumi ameshika simu yake. Anaona kichwa cha habari kilichopambwa, jedwali lenye mistari iliyonyooka, na majina 312 yaliyopangwa kwa alfabeti. Hakuna onyo lolote. Jina la mwanawe linaanza kwa herufi S, na halimo. Mzazi huyo hana sababu ya kuishuku kompyuta, atamshuku mtoto. Ukurasa mweupe wenye maneno "samahani, jaribu tena" ungemuudhi kwa dakika tano. Ukurasa nusu unaweza kumpeleka mtoto shambani akashinde huko mpaka siku ya kuripoti shuleni ipite. Kati ya makosa mawili hayo la pili ndilo zito, na ndilo linaloweza kufanywa na programu bila mwenye programu kujua.

Hajui kwa sababu bafa huficha. Chukua lugha ya PHP, iliyotungwa na Rasmus Lerdorf na kutangazwa mwaka 1995, ambayo hata leo wanafunzi wengi huanzia kwayo. Katika mafaili ya mipangilio yanayoambatana nayo, ukubwa wa bafa umewekwa kuwa baiti 4096. Mwanafunzi huandika programu yenye mpangilio mbaya: inaanza kuchapa jedwali, kisha katikati ya kazi inakumbuka kwamba ilipaswa kutuma vichwa, pengine kumwelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine. Akiijaribu kwa majina 40 ya darasa lake, ukurasa mzima haufiki baiti 4096. Maandishi yote bado yamo ndani ya jaruba, vichwa vinapata nafasi ya kutangulia, kazi inakwenda sawasawa na mwalimu anatoa alama nzuri. Programu hiyo hiyo ikipelekwa wilayani na kupewa majina 400, jaruba linajaa, maji yanapita juu ya tuta, na programu inalalamika kwamba vichwa vimechelewa. Mwanafunzi huapa kwamba hakubadilisha hata nukta. Ni kweli, hakubadilisha. Programu ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza.

Dawa inayopokezanwa na wanafunzi ni kuandika amri ya ob_start katika mstari wa kwanza wa programu, ili maandishi yote yazuiwe mpaka mwisho. Malalamiko hukoma mara moja. Lakini huko ni kuinua tuta kwa sababu mfereji umechimbwa vibaya. Mpangilio ulio sahihi una umri mkubwa kuliko kompyuta: soma kwanza, hesabu, hakiki, kisha andika. Mhasibu wa chama cha ushirika hawasomei wanachama jumla huku bado anajumlisha.

Wapo wataalamu wenye maoni tofauti, na hoja yao haifai kudharauliwa. Wao husema kwamba msomaji mwenye mtandao mzito asiachwe akikodolea macho kioo cheupe. Apewe mwanzo wa ukurasa mapema, simu yake ianze kuleta picha na mapambo, huku seva ikiendelea kutunga sehemu iliyobaki. Katika Afrika Mashariki hoja hii ilikuwa na nguvu ya pekee kabla ya Julai 2009, ulipowashwa mkongo wa baharini wa SEACOM uliofika Dar es Salaam. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalitegemea satelaiti zilizo kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu lake vivyo hivyo, safari ya kilomita 144,000 ambayo hata mwanga huhitaji karibu nusu sekunde kuimaliza. Aliyeungoja ukurasa nyakati zile hawezi kulaumiwa kwa kutaka kuona walau kichwa chake.

Lakini njia nzito mara nyingi ndiyo njia inayokatika. Wakazi wa Kilosa hawahitaji kufundishwa habari za kukatika kwa njia: Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma penye daraja la Dumila. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini, intaneti ikadorora nchini Tanzania na kwa majirani zake. Mahali ambapo kukatika ni jambo la kutazamiwa, ukurasa usiojitambulisha kuwa ni nusu una hatari kuliko mahali pengine popote.

Tena kuna hesabu ambayo watetezi wa kufungulia mapema huisahau. Kwa pendekezo lililochapishwa mwaka 2013, na linalofuatwa na mifumo mingi, seva huruhusiwa kutuma pakiti 10 za mwanzo, yaani kama kilobaiti 14, kabla ya kungoja msomaji aitikie kwamba amezipokea. Ukurasa ulio chini ya kipimo hicho huondoka wote kwa mkupuo mmoja. Kuuzuia mpaka ukamilike hakumgharimu msomaji ila ule muda wa seva kusoma ghala lake, ambao kwa majina machache ni sehemu ndogo ya sekunde. Majina 100, kila moja likichukua baiti 80, ni baiti 8,000. Yanaingia na nafasi inabaki. Ni dhahiri basi kwamba ukubwa wa jaruba ndio unaopasa kufikiriwa kwanza. Orodha ya wilaya nzima ikigawanywa shule kwa shule, kila ukurasa unazuilika, unahesabika na unatumwa kwa mkupuo. Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo kwa njia hiyo, kila shule na ukurasa wake, na faida yake inapita urahisi wa kutafuta. Filamu au kitabu kizima ni habari nyingine: wasomaji 200 wakizuiliwa megabaiti 5 kila mmoja, seva itabeba megabaiti 1,000 bure.

Makarani wa telegramu walikuwa na desturi inayofaa kurudishwa. Idadi ya maneno ilitangulizwa mwanzoni mwa ujumbe. Karani wa upande wa pili alihesabu, na maneno yakipungua aliomba yarudiwe. HTTP nayo ina kichwa kinachotaja urefu wa ukurasa kwa baiti, na kwa ukurasa unaotungwa papo hapo seva huweza kukijaza tu pale maandishi yote yanapokuwa yamekusanyika jarubani. Ila simu inayogundua upungufu huo yaweza kuyaonyesha yaliyofika bila kumwambia mwenyewe. Kwa hiyo hesabu iandikwe pia kwa ajili ya macho ya binadamu: juu ya orodha, "Majina 96", chini yake, "Mwisho wa orodha". Kazi ya mistari miwili.

Wala bafa yenyewe haina akili. Programu ya PHP ikianguka, yaliyomo katika jaruba humwagwa kwa msomaji kama kawaida, isipokuwa mtungaji awe ameamuru yatupwe. Programu ndiyo ipaswayo kuuliza: ghala lilisema majina 96, je, humu yamo mangapi? Yasipolingana, yatupwe yote na itumwe namba 500.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili kwa kompyuta moja na simu moja. Atunge orodha ya majina 500, ya wanafunzi wa shule yake yakiwamo, aipange kwa alfabeti, aiamuru programu ifungulie kila jina papo hapo na ianguke kwenye jina la 312. Kisha simu ipitishwe darasani, na wenye majina ya herufi S hadi Z waachwe wajitafute kwanza, kabla ya kuambiwa kilichofanyika.