Cheti ninacho, kompyuta haiwaki

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kukiri: nina cheti cha kompyuta. Nilikilipia kwa pesa ya bumu, nikasoma jioni miezi mitatu, na mtihani nikafaulu vizuri tu. Basi nilipokwenda mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja upande wa Msimbati, mkuu wa shule akasikia habari hizo. Akanifungulia stoo: kompyuta saba za msaada, hata moja haiwaki. "Haya mwalimu, kazi kwako."

Nilishindwa. Sehemu zote za kompyuta nilikuwa nazijua kwa majina, ila sikuwahi kufungua hata moja. Mwishowe akaitwa fundi simu mwenye meza yake chini ya mwembe, elimu yake darasa la saba. Akapuliza vumbi, akachomoa ramu akazisugua kwa ufutio, akahamisha vifaa kutoka mashine mbili zilizokufa kabisa. Jioni zikawaka nne. "Chumvi ya bahari hiyo, mwalimu, inakula shaba," akaniambia. Kwenye notsi zangu haikuwemo.

Hapo wengi wetu tungesema: vyeti ni makaratasi tu. Mimi nakataa. Tulipotaka kuunganisha kompyuta zote nne na printa moja, fundi ndiye aliyekwama, mimi nikajua pa kuanzia. Na shule ilipofikiria kumpa kazi ya kudumu, swali la kwanza likawa: cheti kiko wapi? Hana. Akarudi kwenye mwembe wake.

Sisi wa Mtwara jambo hili linatugusa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2013 mji huu uliwaka kwa ajili ya bomba. Chini ya hasira ile kulikuwa na swali: vijana wa hapa watapata nini? Tangu hapo jibu tunalopewa ni lile lile, kasomeni kozi. Kozi nzuri, lakini mkono usiowahi kushika bisibisi utaajiriwa kufanya nini?

VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi wa mtaani anapimwa kwa vitendo, anafundishwa palipopungua, anapewa cheti. Yaani uzoefu una njia ya kuufikia ukaratasi. Sisi wenye karatasi, njia yetu ya kuufikia uzoefu iko wapi?

Naiomba serikali yetu ya wanafunzi iongee na mafundi wa mjini watupokee Jumamosi, nasi tuwasaidie kujiandaa na upimaji wa VETA. Haihitaji bajeti kubwa. Mtaala mpya umeshaleta mkondo wa amali sekondari, na walimu wake ni sisi hawa hawa. Jamani, tutamfundishaje mtoto wa watu kazi ambayo sisi wenyewe hatujawahi kuifanya?

Yule fundi nimeshamwambia habari za VETA. Naye kaniambia nikirudi, nije na bisibisi yangu.